Simu Ilinitupa Baharini

Mjukuu wangu ndiye aliyezifundisha simu za karakana ya meli kuonyesha kila kipande cha chuma kilipo. Siku hiyo ilikuwa ya majaribio. Zikikosea, msimamizi angerudisha vifaa vyote, na binti huyo angekosa kazi. Mimi nilimpelekea tu miwani aliyoisahau. Mlinzi akanivika kofia ngumu, akanitafutia na kiti.

"Mke mwenzangu," mjukuu akaniambia kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, "maadamu umekuja, leo utakuwa chuma."

Akanivisha shingoni kidude kidogo cha kutoa ishara, akanikalisha nyuma ya ukuta wa meli isiyokamilika. Msimamizi akashika simu ili anitafute.

Nikamsikia akicheka upande wa pili. "Binti, simu inasema bibi yako yuko baharini. Anajua kuogelea?"

"Hata beseni naliogopa," nikajibu.

Wakacheka wote isipokuwa mjukuu. Alishaniambia kuwa vyuma hurudisha mawimbi ya ishara kama ukuta urudishavyo mpira, simu ikapotea. Ndiyo maana alifunga visanduku kwenye nguzo, simu ipime umbali kutoka kwavyo. Akaenda kuvikagua, nami nikamfuata polepole. Cha kwanza hakikuwepo. Tukakikuta kwenye nguzo nyingine, kimefunikwa kitambaa safi.

Fundi wa kuchomea vyuma akavua kinyago. "Ni mimi, dada. Cheche zilikuwa zinaviangukia, nikavihamisha vyote. Nilivyoona unavyovihangaikia, nikasema nisaidie."

Vile vitambaa alivifunga kama anayemfunika mtoto mchanga. Nilimwonea huruma.

Mjukuu akavuta pumzi. "Kaka, umevitunza kuliko mimi mwenyewe. Ila simu inadhani bado viko kule kule. Tuvirudishe, halafu unichomelee vikofia vya kuvikinga juu."

"Hilo tu? Nilidhani utanichomelea mimi."

Wakafanya kazi pamoja, mlinzi akaniletea chai. Nilipomaliza kikombe, nikarudi mafichoni.

Safari hii sikusikia kicheko. Nilisikia viatu tu, vikija bila kusita, mpaka vikasimama mbele yangu.

"Hodi," akasema msimamizi.

"Karibu nchi kavu, baba."

Akamgeukia mjukuu wangu. "Vifaa vinabaki. Na wewe unabaki navyo."

Binti alinikumbatia hata kofia ikanidondoka. Fundi akaiokota, akaipangusa vumbi, akanivika taratibu asije akaharibu kilemba changu.