Ng'ombe Waliosikika Ufini

Mwalimu Faudhia Mgaza alisimika seva yake katika chumba cha nyuma cha nyumba yake mjini Korogwe, katika kiangazi ambacho mashamba ya umma yalikuwa yakiuzwa pamoja na viti na makabati yake. Kompyuta yenyewe ilitoka katika ofisi ya shamba mojawapo la mkonge. Ubavuni bado ilikuwa na kibandiko chenye jina la mhasibu aliyepunguzwa kazi. Faudhia aliifuta yote, akapakia mfumo wa Linux kutoka kwenye diski aliyotumiwa na rafiki wa Moshi, akafungua akaunti isiyo na mamlaka makubwa ili kosa dogo lisiharibu mashine nzima, kisha akaweka programu ya matangazo. Ilikataa kuwaka kwa sababu ruhusa za folda zilikuwa na kasoro. Alizirekebisha, ikawaka.

Kazi ya programu hiyo si kubwa. Mwenye redio ya ridhaa, yaani anayerusha na kupokea mawimbi kwa kupenda tu, akisikia kituo cha mbali, huandika alama ya kituo hicho, masafa yake na maelezo mafupi. Seva humpelekea tangazo hilo kila aliyeunganishwa, ili wengine nao waelekeze antena zao huko. Ipo kanuni moja inayoheshimiwa dunia nzima: kituo hakijitangazi, bali hutangazwa na aliyekisikia. Faudhia, aliyefundisha fizikia kwa muda mrefu na asiyependa watu wa kujisifu, aliwasha sehemu ya programu inayokataa matangazo ya mtu kuhusu nafsi yake.

Upepo wa kiangazi kile haukutulia. Uliitikisa antena juu ya bati, laini ya simu ikakatika na kurudi, na Faudhia akajizoeza kula akiwa amesimama mbele ya kioo cha kompyuta.

Jioni moja, masafa ya mita ishirini yalipoanza kufunguka kuelekea kaskazini, Mfini mmoja wa mji wa Oulu alitangaza kituo 5H3KERI. Maelezo yake yalisema: sauti nzito, inayumba kidogo. Baada yake Mjapani alitangaza 5H3SAMPU. Alama zote mbili zilianza na 5H, kama alama za Tanzania zianzavyo, na programu haikuona sababu ya kuzikataa. Faudhia aliwafahamu wenye leseni wote wa mkoa, kwa kuwa walikuwa wachache. Hao hakuwafahamu. Alivaa vipokea sauti, akamsikia ng'ombe akilia kwa milio mirefu na mifupi ya Morse iliyopangwa vizuri, akitaja mahali alipo: lambo, uwandani, mbele ya Kabuku. Kasi yake ilikuwa ya mwanafunzi, lakini hapakuwa na herufi iliyokosewa. Faudhia aliona vyema kwenda kumshauri mwenye kituo kuhusu ule mtetemo.

Alipanda basi hadi Kabuku, akakodi baiskeli, akaifuata njia ya mifugo mpaka ilipokatwa na uzio mpya wa seng'enge. Mzee mmoja wa Kimaasai alikuwa amesimama hapo na ng'ombe waliokonda, uso wake ukiwa umeelekea upande wa pili, ambako maji yalionekana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Wewe ni wa kampuni?"

"Hapana. Ni wa redio."

"Watu wa redio walikuja wakati wa uchaguzi. Wakaondoka."

"Mimi namtafuta Keri."

"Keri alifia hapo ulipoegemeza baiskeli."

Faudhia aliisogeza baiskeli. Mtamba mmoja mwekundu aliifuata, akaanza kulamba chumvi ya jasho kwenye tandiko.

"Huyo ni Nemayian," alisema mzee. "Hana adabu, msamehe."

Mzee huyo aliitwa Lomayani. Alieleza mambo yake huku akihamahama, hatua chache kulia, hatua chache kushoto, kama mtu anayesubiri gari lisilo na ratiba. Uwanda ule ulikuwa ranchi ya umma, na watu wake walinywesha hapo tangu lambo lichimbwe. Ranchi ilipotangazwa kuuzwa, kamati ilikuja kuandika watumiaji wa maji. Ilimwuliza Lomayani ana ng'ombe wangapi. Kwao ng'ombe hawahesabiwi, kwa kuwa kuhesabu ni kualika upungufu. Jioni mwenye zizi husimama langoni, huwaita kwa majina, na asiyekuwapo hujulikana. Lomayani aliwataja wote, kuanzia weupe hadi weusi. Kamati ilisubiri kwa heshima hadi akamaliza, kisha, kwa kuwa namba haikutajwa, ikaandika: hakuna. Lambo lilionekana halina mtumiaji, likauzwa kwa kampuni.

"Ungetaja namba yoyote, mzee. Hata ya uongo."

"Halafu nikirudi zizini nimtazame nani machoni?"

Jua lilipoinama, Lomayani alianza kuita majina. Waliokufa kwa kiu walikuja kutoka nyuma yake, wakapita katika seng'enge bila kusukumana, wakanywa. Walipokwisha kunywa walijipanga kando ya bomba la chuma la pampu ya kampuni, ambalo urefu wake ulifaa kuwa antena ya mita ishirini, wakaanza kurusha. Walio hai walibaki nje, wamelaza shingo juu ya waya. Mvua ilikuwa mbali, na visima vingine vilikuwa vimekauka. Wangekunywa hapo wangevuka kiangazi.

"Hiyo mashine yako uliyonieleza," Lomayani aliuliza, "ni kweli haimwamini anayejisemea mwenyewe?"

"Haimwamini."

"Basi ni ndugu wa kamati. Ipeleke kwao, wataelewana."

Faudhia alirudi Korogwe akachapa matangazo yote, kisha wakaenda pamoja Handeni, kwa katibu wa kamati, kijana mstaarabu aliyeitwa Simeo. Simeo alimwamkia mzee, akawapa viti, akasoma kila ukurasa.

"Huyu wa Oulu anamfahamu Keri?"

"Wamezungumza mara nyingi," alisema Faudhia. "Alimlalamikia sauti kuyumba."

"Ushahidi huu ni safi kuliko mwingi ninaoletewa. Wamesikika, na hawakujitangaza wenyewe. Nakubali. Ni wangapi?"

Lomayani aliinuka, akaenda dirishani, akarudi, akakaa, akainuka tena.

"Naweza kuwahesabu hapa kwenye karatasi," Faudhia alimwambia kwa sauti ya chini. "Hutataja wewe."

"Ukihesabu wewe niliyekuleta, nimehesabu mimi." Alikitazama kiti chake bila kukikalia. "Lakini hao wa kwenye karatasi wamekwisha kufa. Hawana tena cha kupungua. Hesabu."

Faudhia alihesabu. Simeo aliandika namba hiyo kwa mwandiko mzuri.

"Na walio hai?"

Lomayani aliwataja kwa majina. Simeo alisubiri, kalamu mkononi, mpaka la mwisho.

"Basi, mzee wangu, nimeandika hivi: waliokufa, wapo; walio hai, hakuna. Sasa, kwa utaratibu wetu, waliokufa si watumiaji wa maji."

"Lakini wanakunywa," alisema Faudhia.

"Ndiyo, mwalimu. Kampuni imelalamika kwamba maji yanapungua kila jioni, na sikuwa na la kuwajibu. Mmenisaidia sana."

Kampuni iliongeza mistari miwili ya seng'enge. Waliokufa waliendelea kupita.

Faudhia alirudi kwenye seva yake. Mara mbili aliufungua ukurasa wa vichujio, ambako angeweza kuzizuia alama za lambo, na mara mbili akaufunga. Vituo vipya viliongezeka. Mfini wa Oulu aliandika kwamba hajapata kuona eneo dogo kiasi hicho lenye vituo vingi hivyo, akawapongeza Watanzania.

Upepo ulikuwa bado unasumbua bati jioni Mfini huyo alipotangaza kituo kingine, chenye alama ndefu kuliko kawaida: 5H3NEMAYIAN. Sauti changa, aliandika, safi, haiyumbi kabisa. Faudhia alimkumbuka mtamba aliyelamba tandiko, akaweka sahani chini. Programu ilikagua kama kituo kilikuwa kimejitangaza chenyewe, ikaona hakikujitangaza, ikalipeleka tangazo kwa wote.