Mtego wa Roelf Mensinga

Roelf Mensinga alirudi kijijini kwetu Zandwolde mwezi wa nane, kamera mbili zikimtangulia, akashuka kwenye gari jeupe kama waziri anayekuja kukata utepe. Nyumba aliyozaliwa ipo nyuma ya kiwanda cha wanga wa viazi, karibu na kwetu. Tulicheza pamoja utotoni. Alikuwa na mguu wa kushoto wa ajabu, hilo sibishi. Mguu huo ulimfikisha timu ya taifa, akavaa jezi ya rangi ya chungwa miaka mingi, akapoteza fainali moja, na tangu siku hiyo hajaacha kutueleza kwamba walioshinda hawakujua mpira.

Kisha akawa kocha. Klabu ya kwanza ilimfukuza kabla ya Krismasi. Ya pili ilimvumilia mpaka Pasaka. Wahispania walimtimua, Waturuki wakamtimua, na mahali fulani Uarabuni walimlipa ili asije kazini. Kila alipofukuzwa aliketi kwenye televisheni, mguu juu ya mguu, akasema mpira umesalitiwa. Watu wa nchi hii wanayapenda sana maneno hayo. Ukifungwa huku umepiga pasi nyingi, kwetu unahesabiwa mwanafalsafa.

Alipokosa kazi kabisa, watu wa televisheni wakapata wazo: shujaa arudi kufundisha klabu ya kijiji chake, bure, nao wapige picha. Mwenyekiti wetu, Trijntje Kamping, alilia kwa furaha. Mimi sikulia. Mimi ni mpiga lipu, niliacha shule nikiwa na miaka kumi na minne, na machozi yangu siyagawi ovyo.

Kwenye madaraja yetu ya chini, chama cha mpira hutuma refa peke yake. Washika vibendera hutolewa na klabu zenyewe, huyu upande huu, yule upande ule. Wa Zandwolde ni mimi, tangu goti langu lilipogoma kucheza. Na kila mtu, kuanzia mchungaji hadi muuza samaki, anajua kwamba mshika kibendera huona kwa macho ya klabu yake. Wao wanaiba kidogo, sisi tunaiba kidogo, refa anaamini nusu ya anachoonyeshwa, na mchezo ukiisha tunakunywa bia pamoja.

Mensinga alikuwa ameyasahau hayo, au alijifanya. Jioni ya kwanza kwenye kantini, kamera zikimmulika, alisimama mbele ya kaunta akatuhutubia.

"Tutacheza mtego wa kuotea. Mabeki wote wanapanda pamoja, mstari mmoja, mpaka karibu na katikati ya uwanja. Wao wanaotea, sisi tunachukua mpira. Ni hesabu tu."

Beki wetu wa kati, Jurrie, ni muuza nyama mwenye mwili wa friji. Akauliza, "Na mtu akinipita, kocha?"

"Hawezi kukupita. Atakuwa ameotea."

"Kocha, mimi hata mke wangu ananipita, tena ana mifuko ya sokoni mikono yote miwili."

Watu wakaangua kicheko. Mensinga hakucheka. Akanigeukia mimi.

"Na wewe, Lubbert. Mchezo wenu naujua. Kwenye timu yangu hakuna wizi wa kibendera. Ukiona ameotea, inua. Hujaona, tulia. Nataka mpira safi. Umenielewa, mzee?"

Mzee! Tumezaliwa mwaka mmoja.

"Nimekuelewa, Roelf."

"Kocha."

"Nimekuelewa, Roelf," nikasema tena, nikaendelea na supu yangu ya njegere.

Basi nikawa mwaminifu. Mechi ya kwanza tulifungwa sita. Ya pili saba. Jurrie alikuwa akipanda na mstari, anageuka, na kila akigeuka anaona mgongo wa mtu ukienda golini. Mensinga aliiambia kamera kwamba timu ipo safarini. Safari gani? Hata kipa wetu alianza kusema anaumwa kila ikifika Jumapili.

Ndipo Trijntje alipokuja nyumbani. Nikampa kahawa na biskuti moja, nikafunga kopo.

"Lubbert, mkono wako unaumwa?"

"Mzima kabisa."

"Mbona hauinuki?"

"Nimeambiwa niwe safi. Na wewe ulikuwepo, ukapiga makofi."

"Acha hizo bwana. Manispaa imeshaamua. Sisi na jirani zetu Eesterveen tutaachiwa uwanja mmoja. Kati yetu, atakayeshuka daraja uwanja wake unajengwa nyumba, na watu wake wanahamia kwa mwenzake. Jina linakufa, jezi inakufa. Baba yako ndiye aliyepanda nyasi zile. Unataka wajukuu zako wavae njano?"

"Njano ya Eesterveen?"

"Njano, na soksi nyeusi. Kama nyigu."

Jumapili iliyofuata mkono wangu ulipona. Tukatoka sare, kisha tukashinda, kisha tukashinda tena. Magazeti yakaandika kwamba Mensinga amefufua kijiji. Kila nilipoinua kibendera, yeye pale kwenye benchi aliigeukia kamera na kujigonga kidole kwenye kichwa: akili hii. Mwanzoni nilidhani ananicheka chini kwa chini, kwamba anajua na ananyamaza. Ningemheshimu kidogo. Lakini hakuwa anajua. Aliamini kabisa kwamba Jurrie sasa ana kasi. Mtu aliyeishi kwa mpira tangu utoto, na hakuona kilichokuwa kikitokea mita ishirini mbele yake.

Mechi ya mwisho ratiba ilituletea Eesterveen nyumbani. Sare ingetubakiza na kuwashusha wao. Tukifungwa, tunashuka sisi. Televisheni ilileta kamera hata juu ya kreni, kana kwamba ni fainali nyingine.

Mpaka dakika za nyongeza ilikuwa mbili kwa mbili. Mensinga akapiga kelele: "Pandeni! Pandeni!" Wakapanda. Mpira mrefu ukaja, na mshambuliaji wao, fundi bomba mmoja mwenye nywele nyekundu, akatoka nyuma ya Jurrie, mita mbili kamili upande wa halali. Jurrie akageuka, miguu ikapishana, akaenda chini kama gunia. Yule kijana akamzunguka kipa, akafunga.

Refa akanitazama.

Sikuhitaji kufanya lolote. Niuache mkono chini, kama alivyoniamuru mwenyewe mbele ya watu, na nchi nzima ione: mtego, gunia kwenye nyasi, na mwanafalsafa aliyeuzua. Msimu mzima nilikuwa naisubiri picha hiyo. Nikamtupia jicho Mensinga. Hakuwa hata ananitazama. Alikuwa ameshaigeukia kamera, kidole kichwani.

Kule kwenye kona, jezi za njano zilikuwa zinarukiana, soksi nyeusi hewani.

Nikainua.

Filimbi ikalia. Eesterveen wote wakanijia juu. "Lubbert, kipofu we!" "Kauze hayo macho, hayakusaidii!" Nilisimama nimenyoosha mkono mpaka begani pakauma.

Kwenye kantini, Mensinga alinikuta nikinawa uso. Akaniwekea mkono begani, lile lile bega.

"Umeona, Lubbert? Hatua moja mbele, wote pamoja. Si niliwaambia ni hesabu?"

"Nimeona."

"Na wewe umekuwa safi msimu mzima. Najivunia."

Nikamkagua usoni nitafute mzaha. Haukuwepo hata chembe. Akaenda kuhojiwa.

Wubbo, mshika kibendera wa Eesterveen, alikuja kwenye meza yangu na bia mbili. Klabu yake ilikuwa imekufa saa ile, na hakuhitaji kuambiwa.

"Mita mbili, Lubbert."

"Moja na nusu."

"Mbili."

"Haya, mbili."

Akanywa, akajifuta povu mdomoni. "Mimi ningeinua kabla hajapiga," akasema.

Tukanywa zote mbili, nikaagiza nyingine.

Kabla nyasi hazijakatwa, Mensinga alipata klabu kubwa Ubelgiji, kwa sababu ya Zandwolde. Alituaga kupitia televisheni. Walimfukuza kabla ya Krismasi.

Trijntje akataka picha yake itundikwe kwenye kantini, ile kubwa, kidole kichwani. Kwa kuwa ukuta ule nimeupiga lipu mimi, kazi ya kuutoboa nikapewa mimi.

"Weka mahali pazuri," akaniambia.

Nikaiweka kando ya choo cha wanaume. Mlango unafunguka kwa nje, na kila anayeingia kukojoa anamfunika uso.