Jebet Asife Peke Yake

Jebet alikufa saa nne asubuhi, peke yake, chumbani Al Rayyan, nje kidogo ya Doha, chai imepoa kando ya kitanda. Loice, aliyekuwa akiishi naye, aliandika hivyohivyo, na jina akaliacha lilelile. Aliandika hata lililomchoma: kwamba Jebet alimwomba asiende kazini siku hiyo, naye akafunga mlango akaenda. Miaka miwili aliiandika riwaya hiyo kwenye simu, ndani ya basi, akienda Al Sadd kutunza mzee wa watu.

Mhariri wa Nairobi aliipenda yote isipokuwa mwisho.

“Loice, sasa hapa msomaji atalia wapi?” alimwuliza kwa simu. “Mpe mchumba. Afike mbio, amshike mkono, binti akate roho wakiangaliana. Si unaijua ile riwaya?”

Nani asiyeijua? Mzungu mmoja wa karne ya kumi na tisa alimfisha binti mgonjwa mikononi mwa mpenzi wake, mvua ikinyesha. Riwaya ikatafsiriwa, ikatahiniwa shuleni, na watoto walioililia wakakua wakawa waandishi, wahariri na majaji wa tuzo. Tangu hapo hakuna binti wa riwaya zetu anayeruhusiwa kufa bila mwanamume kando ya kitanda. Mzungu kaoza zamani, sisi bado tunamwandikia insha. Aibu tupu!

Loice alikataa wiki nzima. Lakini mwisho ule wa kweli ulikuwa na yeye mwenyewe ndani, akifunga mlango. Akaufuta. Akamleta Levis, dereva mpole, na kwa kuwa mvua ya Doha ni ya kubahatisha, akainyesha mwenyewe.

Kitabu kikatoka, kikasifiwa kwa kufuata nyayo za mabingwa.

Ijumaa moja, Loice akifua, simu ikalia. Alikuwa mama yake Jebet, kutoka Bomet.

“Loice mwanangu, mwalimu wa kanisani amenisomea kitabu chote. Nimelia, lakini sasa usingizi unakuja. Miaka hii yote nilidhani mtoto wangu alikufa peke yake.”

“Mama…”

“Huyo Levis, nipe namba yake. Nimwambie asante kabla sijafa.”

Loice alijipangusa povu mikononi.

“Alibadilisha namba, Mama. Nikimpata nitamwambia akupigie.”

“Sawa, mwanangu. Simu nitaiweka karibu.”