Sauti ya Hillary Kanisani

Kukaa nyuma ya kompyuta siku ya msiba wa mama yako si kazi ya kumpa mtu, lakini Benedikta alijipa mwenyewe. Wiki nzima huuza nyaya na projekta Mtaa wa Msimbazi, na Jumapili ndiye anayerusha maneno ya nyimbo ukutani pale parokiani. Angemwachia nani mwingine sauti ya kaka yake?

Kaka yake, Hillary, yuko Kanada, mwaka wa tisa huu, na karatasi zake za ukaazi hazijakamilika; akitoka huko, harudi. Baba yao alizikwa yeye hayupo. Safari hii aliomba jambo moja tu: amuage mama kwa sauti yake mwenyewe, mbele za watu, kabla jeneza halijafungwa na gari halijaondoka kwenda kuzika Kibosho. Paroko alikubali. Mjomba Polycarp, msemaji wa familia, alikubali shingo upande.

"Ukimpata kabla hatujafunga, sawa," alimwambia Benedikta mlangoni. "Usipompata, hatumngoji. Angekuwa na uchungu na mama yake angekuwa hapa."

Basi Benedikta alimpata mapema kwa simu ya video, misa haijaisha. Sura ya Hillary ilikaa kwenye kioo cha kompyuta, shati jeupe, huku ukutani ikibaki picha ya mama mpaka zamu yake ifike. Waya mmoja ulitoka kwenye mashine ya sauti ukaingia kwenye kompyuta, kwa hiyo kila neno la kwenye maikrofoni Hillary alilisikia. Waya wa pili, wa kuitoa sauti ya Hillary kwenye spika za kanisa, haukuwepo mahali pake.

Jana aliuacha hapo hapo. Alipapasa chini ya meza, akamwaga mkoba, jasho likamtoka. Alipoinua macho akauona: umechomekwa kwenye kinanda. Aaron, mpiga kinanda, aliukuta umekaa bure akajihudumia. Ndizo zao kwaya, kilicholala mezani wanakihesabu chao. Na kinanda kilikuwa mbele kabisa, upande wa pili wa jeneza, na Mjomba Polycarp alikuwa ameshasimama na maikrofoni kusoma wasifu wa marehemu.

Wasifu ukisomwa, hakatizi mtu mbele ya jeneza. Benedikta alikaa, hedifoni masikioni, akimsikia kaka yake akihema.

Mjomba alisoma kuzaliwa, ubatizo, ndoa, duka la vitenge Kariakoo, ugonjwa. Akafika pale ambapo waombolezaji wote hutega masikio.

"Marehemu Mektilda ameacha mtoto mmoja, Benedikta, na wajukuu wawili."

Mmoja! Watu wakatazamana. Mjomba hakuteleza ulimi, maana alitua, akaitazama picha ukutani, ndipo akaendelea. Hakujua kwamba yule aliyemfuta alikuwa anamsikiliza.

"Bene," sauti ya Hillary ilikwaruza hedifonini. "Amenitoa?"

"Kaka, subiri."

"Mimi si mtoto wa mama? Usiniunganishe, Bene. Ukiniunganisha namtukana, haki ya Mungu, mbele ya maiti."

 Benedikta anazijua hasira za kaka yake, na ndizo zilizomgombanisha na Mjomba tangu zamani. Akitukana leo, aibu ni ya mama, na Mjomba atapata la kusema mpaka kufa kwake. Asipomuunganisha, jeneza litafungwa, na Hillary atabaki mtu aliyefutwa mbele ya mama yake mzazi. Mjomba akamaliza. Kwaya ikainuka kuimba, na vijana wanne wakakishika kifuniko.

Benedikta aliondoka mbio. Alipita mbele ya jeneza bila hata kuinama, akauchomoa waya Aaron akiwa bado anabonyeza.

"We dada, vipi tena?" Aaron alinong'ona.

Kinanda kilikata. Kwaya ikayumba, ikanyamaza. Benedikta akarudi na ncha ya waya mkononi, ukiburuzika sakafuni.

"Benedikta! Una nini?" Mjomba alifoka.

Benedikta aliinamia kompyuta. Tundu la kutolea sauti kwenye kompyuta ni moja, akachomoa hedifoni, na tangu hapo hakumsikia tena kaka yake. Neno litakalofuata angelisikia pamoja na kanisa zima. Alichomeka waya. Ukutani akamtoa mama, akamweka Hillary, mkubwa, macho mekundu.

Zilisikika kelele za wauza nguo barabarani. Hillary alifungua mdomo, akaufunga. Benedikta alibaki ameushika waya, tayari kuuchomoa, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Shikamoo, Mjomba."

Mjomba Polycarp alisimama na maikrofoni yake. Salamu ya mtoto, mbele ya watu wote wale, mkubwa haimezi bila kuitikia. Taya zilimcheza. Vijana walingoja na kifuniko chao hewani.

"Marahaba," alisema. Akaona haitoshi. Macho yalimjaa machozi, akayaacha yateremke. "Marahaba, mtoto wa dada yangu."

Benedikta aliuachia waya, akajifunika uso kwa khanga, akalia.

"Asante, Mjomba," alisema Hillary. "Sasa naomba nimsalimie mama."

Vijana wakakiweka kifuniko chini.