Mguu Uliolala Nje

Dada yangu Skolastika aliteleza mlangoni kwake Kiwangwa, akitoka kumwaga maji ya vyombo. Hakudondoka kutoka juu ya mkorosho wala hakugongwa na pikipiki. Aliteleza tu, vile watoto wanavyoteleza wakainuka wanacheka. Yeye hakuinuka.

Mimi nilikuwa Lugoba kwenye machimbo ya kokoto, kazi ambayo nayo nilikuwa nimeshaanza kuichoka. Shemeji Pantaleo akanipigia simu. Nikadandia lori mpaka Msata, nikapata gari jingine la kunishusha Kiwangwa, nikamkuta dada amelazwa kwenye mkeka. Mguu wa kushoto ulionekana mfupi kuliko mwenzake, na unyayo umelala nje, vidole vinatazama ukutani.

Vaileth, muuguzi wa zahanati, alikuwa amepiga magoti pembeni.

"Bibi, usiukanyage kabisa," alisema. "Mguu ukifupika na unyayo ukalala hivi, mara nyingi nyonga imevunjika. Mguu huu unataka picha. Hospitali kubwa wanaunga kwa vyuma, ila uwahi."

"Vyuma? Mimi baiskeli?"

Majirani wakacheka. Yeye mwenyewe akacheka, kisha maumivu yakamshika, akauma khanga.

Nikasema tumpeleke Dar. Akanigeukia. "Wewe Vedasto, hujui kesho utalala wapi, leo unanipangia mimi pa kulala? Watanitundika jiwe mguuni miezi, na mananasi yangu nani atayashukia?"

Hapo ndipo roho yake ilipokuwa. Shamba liko chini ya mteremko, kijito kimelikata katikati, na kila mche aliuchomeka yeye. Pantaleo ni katekista, jembe analijua kwa kuliona. Dada alichotaka ni kimoja tu: kushuka tena shambani kwa miguu yake.

"Niitieni Mwishehe," akasema.

Mzee Mwishehe ni fundi wa kuunga mifupa, kazi ya baba yake na babu yake, na si tapeli. Miaka miwili nyuma dada alianguka uani, akavunjika kifundo cha mkono. Mwishehe alikifunga kwa vipande vya mwanzi, kikapona hata kovu huoni. Ukimsikia dada akisimulia, ungedhani mkono ule umekuwa bora kuliko ulivyozaliwa.

Alikuja jioni, kuku jike kwapani.

"Hodi kwa watu wa bara! Mnaanguka kwenye tambarare, mkipanda milima itakuwaje?"

"Karibu, mzee. Tumechoka kukuona una njaa, tumekutafutia kazi," dada akajibu.

Ndivyo walivyozoea kutaniana, yeye mtu wa pwani, sisi tuliohamia kutoka bara. Kisha mzee akapapasa nyonga kwa muda. Nilimwona akikunja uso. Akamfunga dada kwa mwanzi na kitambaa, kisha akamshika kuku, akamvunja mguu wa kushoto, akaufunga vivyo hivyo. Ndio utaratibu wao: kuku na mgonjwa wanauguzwa pamoja. Siku kuku akiparua ardhi kwa mguu ule, mgonjwa naye anafunguliwa, anasimamishwa.

Nilimtazama yule kuku, nikasema, "Mzee, huyu ana miezi mingapi duniani? Dada yangu ana wajukuu."

"Mfupa ni mfupa, bwana," akajibu, na watu wakaona nimejibiwa.

Alikuwa anakuja kumchua kwa mafuta ya nyonyo. Dada alilala chali, hasogei, akaanza kukohoa, na mgongo ukachubuka. Vaileth alirudi tena na tena, na kila mara dada alimjibu kwa kumnyooshea kidole kuku aliyekuwa anachechemea uani. Kwa kweli kuku alikuwa anapona haraka.

Asubuhi moja tukamkuta anaparua chini ya mpapai, vumbi linaruka.

"Mama Emmanueli," Mwishehe akamwita dada akiingia, uso umemng'aa, "mwenzio keshaanza kazi!"

"Basi na mimi niende zangu."

Wakamfungua. Akasimama, Pantaleo kulia, Mwishehe kushoto. Hatua ya kwanza alipeleka mguu mzima. Ya pili akauegemea ule mwingine, tukasikia kitu kinasaga ndani. Hakupiga kelele. Alisema "jamani" tu, taratibu, akamwangukia Mwishehe kifuani.

Safari hii hakubisha. Mwishehe naye akapanda gari pamoja nasi mpaka Dar, hakuna aliyemwomba.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alituonyesha picha: kichwa cha mfupa wa paja kimeachana na shingo yake.

"Hapa damu inapita kwa njia nyembamba," alisema. "Ikikatika muda mrefu, kichwa kinakufa. Angekuja mapema tungejaribu kukishikiza. Sasa dawa ni kuweka nyonga ya bandia, lakini mapafu yameshaingia maradhi kwa kulala, na ana kidonda mgongoni. Nikimpasua hivi, naogopa hataamka." Akafikiri kidogo. "Mama hajawahi kuvunjika pengine?"

"Kifundo cha mkono," Mwishehe akasema. "Nilikiunga mimi."

Daktari akauchukua mkono wa dada, akaugeuza. "Umeunga vizuri, mzee. Ila mama wa umri huu akivunjika kwa kuanguka kidogo tu, mifupa yenyewe imeshapungua nguvu, inatoa taarifa. Hapo ndipo tungeanza dawa. Na maziwa, dagaa, jua, kutembea, na kuondoa utelezi mlangoni."

"Mimi niliufurahia mkono," Mwishehe akasema. "Sikuuliza umevunjikaje." Akavua kofia. "Je, angeletwa siku ile ile aliyoteleza?"

Daktari alitazama mezani. "Wengi wanaowahi hutembea tena."

Dada alikuwa macho, amesikia yote.

Mapafu yalipoa, kidonda kikafunga, lakini nguvu za kupasuliwa hazikurudi. Tukampeleka nyumbani na fremu ya chuma ya kutembelea. Anajikokota kutoka kitandani mpaka uani, anapumzika, anarudi.

Mananasi yakaanza kuozea shambani. Akakubali Zaina, jirani yetu, achukue shamba alilime yeye. Kwetu mtu hakabidhiwi shamba kwa maneno. Mwenye shamba anatembea naye mipaka yote, anamshikisha kila alama, mti au jiwe, kwa mkono. Dada alivaa gauni la kanisani, akajikokota na fremu mpaka ukingoni mwa uwanja, pale mteremko unapoanza. Fremu ikazama kwenye mchanga. Mwishehe, aliyekuwa anakuja kila siku bila kuwa na la kufanya, akamshika kiwiko.

"Usinishike kama yai, mzee. Nimeshavunjika."

"Nisamehe, Skolastika." Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akimwita jina.

Dada hakuutoa mkono wake. Akaniambia mimi nishuke na Zaina.

Tulishuka, naye anaelekeza kwa sauti kutoka juu. "Pale kwenye mnyaa! Siyo huo, Vedasto, ule wa mbele! Mwonyeshe na jiwe!" Zaina alikuwa anaitika kwa heshima, "Naam, mama, nimeliona," hata pale ambapo mimi sikuona kitu.

Tulipovuka kijito sauti yake haikutufikia tena. Nikageuka, nikamwona bado ananyoosha mkono, anatuonyesha kitu. Zaina aliniuliza mpaka wa upande ule unapita wapi. Sikuujua. Tukasimama katikati ya mananasi, tunamtazama dada, naye anaonyesha.