Miti Kumi ya Parti

Kwenye ile picha nilikuwa mkubwa kuliko nyumba yangu. Watu wa Parti, yaani chama, waliifunga pale rond-point, kwenye mzunguko wa barabara, katikati ya nguzo mbili: mimi nimechuchumaa, kitenge cha maua ya manjano, mikono yote imeshika kamti ka grevillea kenye majani matano. Juu ya kichwa changu waliandika kwamba mvua itarudi. Na posho ileile, yaani Jumamosi, walipoipandisha, mimi nilikuwa shambani ninang'oa kale kamti.

Nimerudia hii habari mara nyingi kichwani, na mpaka leo sioni ni wapi nilikosea.

Tulipokimbia kutoka Mabalako, mimi na mjukuu wangu Ornella na sufuria moja, ni Papa Kahongya, mtu wa kanisa letu hapa Butembo, aliyenipa mahali pa kulima. Alinipeleka asubuhi, akaonyesha kwa mguu: kuanzia mfereji mpaka lile jiwe.

"Maharagi, sawa. Viazi, sawa. Muti, hapana."

Hakunieleza, wala sikuuliza. Kwetu, anayelima udongo wa mwingine hupanda kitu cha kuvunwa kikaisha. Mti hauvunwi ukaisha. Kesho unasema ni nani aliyeupanda, na wajukuu wake wanakuja kusimama kando yake. Nikakubali. Miaka minne tulikula kutoka ule mteremko, na kila mavuno nilimpelekea kitunga cha maharagwe na jogoo, kama inavyotakiwa.

Halafu wakati wa uchaguzi ukafika, na Parti ikatuita kwenye kiwanja cha shule. Phinées, anayeiongoza hapa kwetu mtaani, alisema mvua imepoteza miezi yake. Nikatikisa kichwa, maana hilo nalijua: ya mwezi wa tisa inakuja mwezi wa kumi, na ikija inashuka na udongo wote mpaka mtoni. Akasema programu ya Parti ni kila mtu miti kumi, kilima kisibaki uchi. Papa Kahongya alikuwa kwenye benchi la mbele, amevaa kofia ya Parti. Alipiga makofi mpaka kofia ikaanguka.

Ni yale makofi yaliyonichanganya. Nilijiambia: mwenye udongo amekubali.

Wakagawa miti. Wakatafuta mukaka mmoja, bibi mzee, wa picha, wakanichagua. "Mukaka, cheka kidogo!" Meno ya juu sina, nikacheka hivyohivyo. Kesho yake nikaipanda yote kumi kando ya mfereji, kwa kamba, imenyooka kama watoto kwenye komunyo ya kwanza, nikaifunika miguu kwa maganda ya maharagwe.

Papa Kahongya alikuwa amekwenda Manguredjipa. Aliporudi, wiki tatu baadaye, hakupiga kelele. Alivua kofia tu.

"Mukaka, unanifukuza kwangu?"

"Miye? Ni Parti njo ilisema."

"Miye pia niko mu Parti."

"Ulipiga makofi, Papa."

"Nilipiga makofi juu ya inchi yote. Hapana juu ya hii shamba. Siku ingine batoto yangu bataona miti yako, batasema nini?" Akavaa kofia tena. "Mpaka posho. Miti itoke, ao weye utoke."

Nikaenda bureau ya Parti. Phinées akafungua kitabu cha programu, karatasi nzuri, nene, za kijani.

"Mama, hapa njo miti. Hapa njo maji. Hapa njo makala ya kupikia."

"Na udongo wa kuipandia?"

Akafunua, akafunua. "Ile iko chapitre ingine."

"Nisomee basi."

Akafika mwisho, kwenye picha ya mkubwa wa Parti anayecheka kwa meno yake yote. "Bado habayaiandika," akasema kwa sauti ndogo. Kisha: "Lakini, mama, usiitoe. Picha yako inapanda posho!"

Posho nikaitoa. Mizizi ilikuwa imeshaanza kushika. Nilisikia kila mmoja unakatika vidoleni. Papa Kahongya hakusimama tu kunitazama. Aliinama, akaipokea miti mmoja mmoja, akaifunga mizizi kwa majani ya ndizi, polepole sana. Saa sita yote kumi ilikuwa ng'ambo ya mfereji, hatua mbili kutoka pale nilipoipanda. Hiyo ikawa miti yake.

"Usihuzunike, mukaka," aliniambia. "Kivuli yao itafika kwako."

Sikujua kama ananifariji. Maharagwe hayapendi kivuli.

Baada ya uchaguzi Phinées aliniletea ile picha, imekunjwa kama blanketi, ati kumbukumbu. Ni bâche nzuri, turubai lisilopitisha maji. Ninaitandika kando ya shamba na kuanika maharagwe juu yake. Kwanza yanafunika uso wangu, kale kamti kanafunikwa mwisho. Kivuli cha miti ya Papa Kahongya kikifika, ninaivuta bâche kuipeleka kwenye jua. Mwaka jana nilikuwa ninaivuta saa kumi. Mwaka huu ni saa nane.