Injini ya Kwale

Injini iliyoshinda mbio za mwaka hamsini na saba niliikuta ikiwavutia ng'ombe maji. Ilikuwa imefungwa kwa bolti juu ya magogo kando ya kisima cha shemeji yangu Amadeo, imetapakaa matope, mkanda wa mpira uliochanika ukiizungusha pampu. Lakini sauti ilikuwa ileile. Nilisimama langoni, keki mkononi, vinyweleo vikanisimama.

"Shemeji Nélida," Amadeo alisema bila kuizima. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi umepotea njia."

Sikuwa nimepotea. Siku chache kabla ya hapo alikuja kwetu Bwana Sorondo, mtu wa Buenos Aires mwenye viatu visivyojua tope, ambaye kazi yake ni kuwauzia matajiri wa ng'ambo magari ya mbio ya zamani. Mume wangu, Ítalo, ndiye aliyemwita. Hatukuwa na shida ya kutukimbiza. Ila banda lilikuwa limeanza kuvuja, binti yetu yuko Rosario na hajui hata kubadilisha tairi, na Ítalo alikuwa ameanza kulizungumzia lile gari kama watu wanavyomzungumzia mgonjwa. "Nataka lingurume tena, Nélida," aliniambia. "Hata kama ni masikioni mwa watu nisiowajua."

Walivua turubai. Likatokea: jembamba, refu, magurudumu yote nje, kiti kimoja cha kujibana, na ile rangi ya majani makavu iliyowafanya watu wa kijiji chetu, Colonia Bertoni, waliite Kwale, kama yule ndege wa porini. Bwana Sorondo alilizunguka polepole, mikono nyuma, kama anazunguka farasi aliyelala. Kisha akafunua boneti. Ndani palikuwa patupu. Kuku wetu mmoja alikuwa ametaga humo.

"Na moyo wake uko wapi?" aliuliza.

"Uko kwa ndugu yangu," Ítalo alijibu, akaingia ndani, akafunga mlango.

Basi nikaenda mimi.

Hao ndugu wawili walilijenga Kwale kwa misimu miwili ya baridi, katika karakana ya baba yao iliyokuwa ikitengeneza mashine za kuvunia ngano. Niseme ukweli: alilijenga Amadeo. Injini ya lori aliipasua, akaipunguza uzito, akaichonga humu na kule hadi ikawa kitu kingine kabisa. Bati la mwili alilinyoosha kwa nyundo ya mti juu ya mfuko wa mchanga, nasi majirani zake tukala, tukalala na tukaamka kwa mdundo huo. Ítalo alishika alichoambiwa ashike. Lakini mguu wa kushoto wa Amadeo haukukunjika tangu ugonjwa uliompata utotoni, na klachi ya gari la namna ile yataka mguu wa kushoto hasa. Kwa hiyo mmoja alijenga, mwenzake akaendesha.

Siku ya mbio, kule Laguna Chica, upepo ulikuwa unarusha kofia. Yalikuwepo magari ya kigeni, mekundu na ya buluu, yanayong'aa kama peremende. Mimi nilikuwa juu ya lori la muuza nyama, nimemshika mkono Amadeo bila kujua, maana nilikuwa mchumba wa nduguye na mkono niliouona karibu ni huo. Kwale lilipotokea kwenye kona ya mwisho likiwa peke yake, Amadeo hakushangilia. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayesali, "Usikanyage zaidi. Usikanyage zaidi, linakuja lenyewe."

Kisha wakampa Ítalo kipaza sauti. Alimshukuru Mungu. Alimshukuru mama yake, akanishukuru mimi mpaka nikaona haya, akamshukuru mwokaji mikate, muuza nyama kwa lori lake, na hata farasi wa padri aliyelivuta Kwale lilipokwama matopeni. Umati ukacheka, ukapiga makofi. Amadeo alisubiri jina lake. Niliuhisi mkono wake ukisubiri. Halafu muziki ukaanza.

Jumatatu Amadeo alikuja na trekta, akaing'oa injini, akaondoka nayo. Ítalo alisimama mlangoni akamwangalia, kwa kiburi hakuuliza, na kwa kiburi hakuambiwa. Miaka ikafuata, ishirini na zaidi, mashamba yetu yakiwa yametenganishwa na barabara moja ya vumbi.

"Hakukusahau kwa ubaya," nilimwambia Amadeo pale kisimani. "Alikusahau kama mtu anavyousahau mkono wake. Nani huushukuru mkono wake, shemeji?"

"Mkono hukumbukwa ukikatwa," alisema. "Nikajikata."

Aliizima injini. Kimya kilichoingia kilikuwa kikubwa mno. Hata ng'ombe waliinua vichwa. Alikata keki kwa kisu cha mfukoni, akala kipande akiwa amesimama, akifikiri.

"Injini nitaitoa," alisema mwishowe. "Lakini kabla Kwale halijaondoka, niliendeshe mimi. Na yeye asukume."

"Amadeo, na mguu?"

"Huo ni wangu, niachie mwenyewe."

Nilipomfikishia Ítalo sharti hilo, aliniuliza kama Amadeo amenenepa.

Injini ilirudi juu ya mkokoteni. Wakaanza kazi banda moja, meza moja, na hawakusemeshana. Mimi nikawa simu.

"Mwambie mumeo anipe spana ndefu."

"Mwambie ndugu yangu iko chini ya pua yake."

"Mwambie pua yangu na yake ni moja, aangalie vizuri."

Nilichoka nikawaachia, nikaenda kupika. Mchana mmoja, Amadeo akiwa amekwenda kwake kupumzika, niliingia bandani kumwita Ítalo aje ale. Nilimkuta ndani ya Kwale. Alikuwa amechukua mpini wa ufagio wangu, akaufunga kwa kamba kwenye mguu wake wa kushoto, toka pajani hadi kisigino, ili usikunjike. Akawa anajaribu kuifikia klachi. Alijipinda, akajivuta, jasho likimtoka, mguu ukagonga bati, ukateleza, ukagonga tena. Hakuniona. Baadaye alitulia, mikono juu ya usukani, akakaa hivyo na ule mguu mkavu kama mgeni ndani ya gari lake mwenyewe.

Niliondoka kimyakimya. Chakula kilipoa.

Jioni ile nilisikia akichomelea chuma. Asubuhi Amadeo alipokuja, kulikuwa na wenzo ubavuni mwa kiti, umeunganishwa na klachi, wa kuvutwa kwa mkono wa kushoto. Amadeo aliutazama. Akauinamia, akapitisha kidole kwenye maungio. Akaushika, akauvuta.

"Mfupi," alisema.

"Mkono wako ndio mfupi," alijibu Ítalo.

Nikajua simu haihitajiki tena.

Tulilisukuma siku ya Jumapili, watu wakitoka kanisani: Ítalo, mimi, na muuza nyama ambaye sasa alikuwa kipara. Kwale lilikohoa, likatema moshi, kisha likanguruma kiasi kwamba mbwa wote wa Colonia Bertoni walijificha. Amadeo aliachia wenzo, akaondoka. Vumbi likamfunika. Tukaisikia sauti ikienda hadi upande wa reli, ikififia, ikapotea.

"Amekwenda mbali mno," Ítalo alisema, akishikilia kifua. "Atageuzaje kule?"

Sauti ikarudi. Amadeo akatupita bila kututazama, kinywa wazi, shati limejaa upepo, akaenda tena upande wa pili.

"Hajui kusimama!" Ítalo alipiga kelele.

"Anajua sana," nilisema.

Bwana Sorondo alipokuja na lori lake alifurahi hadi alipouona wenzo.

"Huu haukuwepo. Itabidi ukatwe. Wateja wangu wanataka gari lilivyokuwa siku liliposhinda."

"Siku ile lilikuwa na kasoro," Ítalo alisema.

"Kasoro gani?"

"Aliyelijenga hakuweza kuliendesha."

"Bwana, nitalazimika kushusha bei."

"Shusha."

Amadeo alikuwa amesimama nyuma yao akifuta mikono kwa kitambaa, mikono iliyokwisha takata zamani, na akaendelea kuifuta.

Lori liliondoka na Kwale kabla ya adhuhuri. Tulikaa watatu chini ya ukuta wa banda, pasipo upepo. Niliandaa ile chai yetu ya majani iitwayo mate, nikamimina maji ya moto kwenye kibuyu, nikampa Ítalo kwanza. Alifyonza hadi mwisho, akanirudishia. Nikajaza tena, nikampa Amadeo kibuyu kilekile, bomba lilelile la kufyonzea. Alionja, akakunja uso.

"Bado unatia sukari kama mtoto."

"Basi usinywe," nilimwambia.

Amadeo alikunywa hadi bomba likakoroma, akaninyooshea kibuyu nimwongezee.